Somo la Lugha: "Asiyepatikana" na "Ambaye Hajapatikana" Si Kitu Kimoja



Vijana wa darasa letu la Jumamosi walikutana na neno katika vitabu vyao vya Kiingereza vya shule, neno la kueleza kitu ambacho mtu hawezi kukifikia. Wakatuuliza Kiswahili chake ni nini, na kinatumikaje katika sentensi za kila siku. Tulidhani ni kazi ya dakika kumi ubaoni. Imetuchukua majuma matatu, na aliyetuchelewesha ni mama mmoja ambaye hakuingia darasani hata siku moja maishani mwake.

Mama huyo alikuja kwetu mvua zilipoanza, akiomba tumwandikie barua kwa wale wanaosaidia kutafuta jamaa waliopotezana vitani. Yeye na mtoto wake wa kiume walipotezana njiani, usiku, watu wakikimbia kila upande. Tuliketi naye, tukamsikiliza, tukaandika kwa Kiswahili tulichokiona kizuri. Sentensi ya kwanza ilisema anaomba msaada juu ya mwanawe asiyepatikana. Tulipomaliza tukamsomea. Alinyamaza, kisha akasema: "Pasta, nani amekuambia hapatikani? Mimi nimesema hajapatikana."

Tukamweleza kwa upole kwamba ni kitu kilekile.

"Si kilekile," akasema. "Hapatikani ni mtu aliyetafutwa hadi mwisho. Huyu wangu nani amemtafuta?"

Tulichana karatasi ile, tukaanza nyingine. Somo hili tunaliandika kwa sababu yake, na kwa sababu wengi wenu mnawaandikia majirani barua au mnawatafsiria ofisini na zahanati. Tuanze na namna neno linavyojengwa, halafu tutarudi kwa mama.

Neno linajengwaje

Kiswahili hakina neno fupi la namna ya -zuri au -refu lenye maana ya kitu kisichoweza kufikiwa. Tunalijenga wenyewe kutoka kwenye kitendo. Tunachukua fika, tunaongeza sauti ya "ka" inayoonyesha kwamba jambo linawezekana kutendeka, tunapata fikika. Ni kama soma na someka, pita na pitika, lipa na lipika, nunua na nunulika. Maneno yaliyotoka kwenye Kiarabu nayo hukubali: tibu hutoa tibika, samehe hutoa sameheka, hesabu hutoa hesabika. Kitendo chenye sauti ya e au o katikati hupenda -eka, ndiyo maana mwandiko husomeka wala hausomiki. Machache yana mkia mrefu zaidi, nayo ni yale tunayoyatumia sana: patikana, onekana, julikana, wezekana.

Baada ya hapo tunaweka -si- ya kukanusha na ile -o ya kurejesha, na mwanzoni tunaweka herufi za ngeli ya jina. Njia isiyofikika. Waalimu wa sarufi huliita neno la namna hii kivumishi kirejeshi. Jina si kitu, jambo la kushika ni kwamba linafuata jina lililo mbele yake na kuvaa nguo za jina hilo.

Hapo kwenye nguo ndipo tunapoteleza sana sisi tuliotoka Kongo. Kwetu tumezoea kusema "njia yenye haipitiki", "mutu mwenye hapatikani", nasi tunaelewana vizuri tu. Hakuna ubaya, ni lugha ya mama zetu. Lakini barua itakayosomwa na Mkenya au Mtanzania ikiandikwa hivyo, msomaji atashughulika na lugha badala ya kushughulika na shida yako. Basi tuzoeze masikio: mtu asiyefikika, watu wasiofikika, mlima usiofikika, milima isiyofikika, tunda lisilofikika, matunda yasiyofikika, kijiji kisichofikika, vijiji visivyofikika, nyumba isiyofikika, nyumba zisizofikika. Mahali ni pasipofikika. Vijana wetu karibu wote waliandika "mahali isiyofikika" na "kilele isiyofikika", maana wameshika isiyo- kama ufunguo wa kila mlango.

Kosa la pili linaletwa na Kiingereza na Kifaransa. Kijana anaandika: "Mlima ni usiofikika." Amehesabu maneno ya lugha nyingine akayapanga moja moja. Kiswahili husema: Mlima haufikiki. Neno likikaa pembeni ya jina kulipambanua na mengine, tumia isiyo-: "Tumepewa shamba lililo ng'ambo ya mto usiopitika." Likiwa ndilo habari yenyewe, tumia kitendo: "Mto haupitiki leo." Rafu hii haifikiki, niletee kigoda. Mwandiko wako hausomeki. Ukijikuta umeandika "ni isiyo-", karibu kila mara futa.

Unataka kukifikia kwa nini?

Vijana walitaka neno moja kwa kila mahali, kama lilivyo katika kitabu chao. Kiswahili hakikubali. Kinakuuliza kwanza: ulitaka kukifikia kwa miguu, kwa mkono, kwa mfuko, kwa macho, kwa simu, au kwa akili? Kisha kinachagua kitendo cha jambo lenyewe.

Embe la juu kabisa halifikiki. Daraja lililobebwa na maji halipitiki. Bei ya maharage mwezi wa kupanda haishikiki, na mama akitoka sokoni akasema hivyo hakuna anayemuuliza maana yake. Karo ya sekondari hailipiki kwa mgao peke yake. Maji ya bwawani hayanyweki kabla ya kuchemshwa. Hotuba ya mgeni haikueleweka. Mkubwa ambaye kila ukienda unaambiwa yuko mkutanoni, tunasema haonekani, wala hatusemi hafikiki, ingawa kwa haki lingemfaa. Na yule ndugu ambaye wazee wote wameketi naye na hakuna neno lililomwingia, huyo ni mtu asiyeambilika. Tuseme kweli, hilo ndilo neno zuri kuliko yote katika jamii hii. Mtu yuko mbele yako, mnakula sahani moja, na hafikiki.

Mara nyingine neno halihitajiki hata kidogo. Kijana mmoja aliandika: "Weka dawa mahali pasipofikika na watoto." Tukamwambia atazame boksi la dawa. Limeandikwa weka mbali na watoto, na hakuna mtoto aliyedhurika kwa ufupi huo. Tena sentensi yake ina ugonjwa mwingine ndani, na ugonjwa huo unatuleta kwenye jambo zito.

Kufikika na kufikiwa

Kitendo chenye "ka" hakimtaji mtendaji. Huwezi kusema "kijiji hakifikiki na daktari", kama usivyoweza kusema "kikombe kimevunjika na mtoto". Ukitaka kumtaja mtu, tumia kufikiwa: kijiji hakifikiwi na daktari. Mahali pasipofikiwa na watoto. Ukitaka kutaja chombo au hali, baki na kufikika, useme kwa: hakifikiki kwa gari, hakifikiki wakati wa mvua, haifikiki kwa mtoto mfupi.

Sarufi hii ni ndogo, lakini tazameni inavyofanya kazi katika maisha. "Kijiji hakifikiki" inaweka kosa juu ya kijiji: kimejificha, kina milima, kina matope. "Kijiji hakifikiwi" inaacha swali wazi: hakifikiwi na nani, na kwa nini? Neno moja linafunga faili, lingine linalifungua.

Wanaotoka milima ya juu ya Uvira, Fizi na Mwenga wanaijua habari hii. Katika mazungumzo ya watu wa magari, sehemu nyingi za kule ni "sehemu zisizofikika". Lakini mama zetu walishuka kutoka huko na mizigo kichwani kwenda sokoni, wakapanda tena na chumvi na sabuni. Wachunga ng'ombe walipita, wainjilisti walipita. Sisi wenyewe tulipita tukiwa vijana, na magoti yetu yangali yanakumbuka. Kweli ni kwamba sehemu zile hazifikiki kwa gari. Maneno hayo mawili, "kwa gari", yakiachwa, watu wote waliokuwa wakiishi na kutembea huko wanafutwa katika sentensi. Anayeyaacha huenda hana nia mbaya, amechoka tu. Lakini msomaji wa mbali, ambaye hatakanyaga huko, ataamini kwamba hakuna njia.

Kwa hiyo tuliwapa vijana kazi: kila mkiandika -siofikika, ongezeni kikomo. Kwa nini haifikiki, lini, kwa nani? "Nyumba ya mzee haifikiki kwa pikipiki, ila kwa miguu ni mwendo wa robo saa." Sentensi hiyo inamsaidia muuguzi. "Nyumba ya mzee haifikiki" inamrudisha nyumbani. Hata wenye simu wamelijua hili. Waliowahi kuishi Tanzania au Kenya wanaikumbuka sauti ile inayowaambia kwamba waliyempigia hapatikani kwa sasa. Kwa sasa! Mashine inaweka kikomo, nasi wachungaji tunakisahau.

Neno lisilo na saa

Sasa turudi kwa mama.

Katika kukanusha kwa kawaida tuna nafasi ya wakati. Hapatikani ni sasa au siku zote. Hakupatikana ni jana. Hatapatikana ni kesho. Hajapatikana ni mpaka saa hii, na mlango uko wazi. Ile -ja- ni herufi mbili tu, lakini ndani yake mna mtu anayeendelea kungoja. Ukimuuliza mwenyeji kama mgeni amefika naye akajibu "hajafika", unaketi. Akijibu "hakufika", unakwenda zako.

Lakini tukigeuza neno kuwa kivumishi kwa -si-, nafasi ya wakati inapotea. Asiyepatikana haliwezi kubeba -ja-, wala -li-, wala -ta-. Jaribuni: "asiyejapatikana", "isiyojafikika". Tumeyasikia kwa watu, hata mimbarani, lakini Kiswahili sanifu hakiyakubali. Kivumishi hiki hakina saa mkononi. Kinasema jinsi kitu kilivyo, na msikilizaji anaelewa kwamba ndivyo kilivyo siku zote.

Ukitaka wakati, lazima ukubali kuandika neno refu zaidi, amba-. Mtoto ambaye hajapatikana. Kijiji ambacho hakijafikiwa. Barua ambazo hazikufika. Wengi hukwepa amba- kwa kuwa wanaona linarefusha sentensi, na chuoni kwetu mwalimu alikuwa akilikata kwa kalamu nyekundu kila alipoliona. Alikuwa sawa kwa mahubiri. Kwa barua ya mama yule hakuwa sawa, maana tulipolikata amba- tulikata na ile -ja-, na mtoto akahama kutoka kwa wanaotafutwa akaingia kwa wasiopatikana. Sisi tulikuwa tumejifunza kuandika kwa ufupi, naye alikuwa amejifunza kungoja, na katika sentensi hii mwalimu alikuwa yeye.

Tuwape mfano mwingine usio na machozi. Milima ya Ruwenzori iko mpakani mwa Uganda na Kongo, na kilele chake kirefu, Margherita, kina mita 5,109. Hakuna kilele kirefu kuliko hicho katika nchi tuliyotoka wala katika nchi inayotuhifadhi. Kabla ya 1906 wageni kadhaa walijaribu kupanda vilele vile wakarudishwa na ukungu, matope na barafu. Mtu aliyekuwa akiandika mwaka 1905 angeweza kusema "kilele kisichofikika", na wasomaji wangemwamini. Mwezi wa Juni 1906 msafara wa Luigi Amedeo, mwanamfalme kutoka Italia, ulifika juu, nao wakakipa kilele jina la mama wa mfalme wao. Mlima haukupungua urefu mwaka ule. Sentensi ndiyo iliyokuwa mbovu tangu mwanzo. Ilipasa kuwa: kilele ambacho hakijafikiwa.

Je, kuna kitu kinachostahili neno lisilo na saa? Kipo. Upeo wa macho haufikiki, ukisogea nao unasogea. Siku ya jana haifikiki kwa gari wala kwa sala. Naye Paulo, katika barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 6, anaitaja nuru ambayo mwanadamu hawezi kuikaribia, na watafsiri wetu wakatumia hapo umbo lile la -si- lisilobeba wakati. Linafaa. Hakuna "bado" katika habari ile. Lakini karo, visa, kijiji, daktari, cheti cha kuzaliwa, mtoto aliyepotea, hivyo vyote viko ndani ya wakati, na katika wakati mambo hugeuka.

Tusije tukazidisha upande wa pili nao. Kuna watu huweka -ja- mahali pasipo nayo, kwa kuogopa kumwumiza mtu. Fundi ameangalia redio, mashine yake imeungua yote, naye anasema "haijatengenezeka, Pasta, njoo Ijumaa". Tumekwenda Ijumaa nne. Bora angesema haitengenezeki tukanunua nyingine. Na mgonjwa ana haki ya kuambiwa kwamba ugonjwa wake hautibiki lakini unatulizwa, badala ya kuambiwa "haujapona" mwaka hadi mwaka huku akiuza mbuzi zake kwa waganga. Wenye kutafsiri zahanati, sikilizeni sana hapo. Daktari akisema hautibiki, msimtie -ja- mdomoni. Akisema bado hawajajua, msimpe mgonjwa "haujulikani".

Wazee nao walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Cha mvunguni si kitu kisichofikika. Kinafikika kwa anayeinama, ndicho kikomo chake. Sungura wa hadithi, aliyeruka mara nyingi akashindwa kuyapata matunda, hakukubali kusema hayafikiki. Alisema ni mabichi. Kwa habari ya sarufi hakukosea lolote.

Barua ya mama ilikwenda ikiwa na maneno haya: "mwanangu ambaye hajapatikana". Aliishika mwenyewe hadi ofisini, ameifunga katika kitambaa pamoja na kadi yake ya mgao. Jibu halijafika.

Mazoezi

Sahihisheni sentensi hizi. Nyingine zina kosa la ngeli, nyingine la "ni", nyingine la "na", nyingine la -ja-, na moja ni sahihi kabisa, iacheni kama ilivyo.

Kisima kile ni kisichofikika wakati wa mvua.

Tunaomba msaada kwa vijiji isiyofikika na lori.

Dada yangu ana watoto wawili ambao hawajafikiwa na chanjo.

Barabara isiyojapitika imefunguliwa juzi.

Mahali isiyoonekana na walinzi ni nyuma ya ghala.

Kisha chukueni sentensi hii: "Baba yangu hapatikani." Iandikeni mara tatu. Mara ya kwanza awe ametoka kwenda shambani bila simu. Mara ya pili awe mtu ambaye mnamtafuta tangu vita. Mara ya tatu awe mkubwa wa ofisi asiyetaka kuonana na watu. Ongezeni maneno yanayohitajika, na msiogope amba-.

Majibu yaleteni Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Wa mbali mnaweza kumpa mzee wa kanisa wa kijiji chenu, atayaleta Jumapili. Andikeni kwa kalamu ya wino, maana mara iliyopita karatasi tano zililowa mvua njiani na penseli haikusomeka.